Mwenyekiti Aliyetoa Punje Mbili

Vijana, mliniomba nije ukumbini niwaeleze kazi ya utafiti ikoje. Nikasema nitaandika, maana nikisimama mbele yenu nitaishia kuwagombeza, na ninapoandika angalau naweza kufuta. Basi someni. Na yule atakayemtafsiria mwenzake kwa Kiingereza atafsiri yote, asiruke pale nilipokosea. Pale ndipo penye kazi yenyewe.

Kwanza niondoe jambo moja njiani. Watu wa kanisani hapa mtaani Great Barr waliposikia naitwa Daktari, walianza kuniletea magoti yao. Mama mmoja alinivulia kiatu baada ya ibada nimwangalie kidole gumba. Nikamwambia, mama, mimi ni daktari wa uchumi. Akavaa kiatu chake polepole, akaniuliza, "Sasa uchumi unauma wapi?" Jibu lake nalitafuta mpaka leo.

Nilizaliwa Voi, nikasomea Nairobi, nikaja Birmingham na sanduku moja na koti jepesi lisilofaa kitu. Nilifundisha chuo kikuu mpaka nikastaafu. Miaka yote hiyo nilichunguza jambo moja tu: watu wakiwa kikundi, nini huwafanya watoe, nini huwafanya wabane, na kiongozi wao anaongeza nini au anaharibu nini. Wenzangu wengine walikaa na takwimu za benki na serikali. Mimi nilikaa na watu, nikawachezesha mchezo. Ndiyo, mchezo, na nililipwa mshahara kwa hilo.

Mchezo wenyewe ni huu. Watu wanne mezani, kila mmoja ana punje ishirini za maharage, na katikati pana sanduku. Utakazoweka sandukuni, mimi nazizidisha mara mbili, kisha jumla inagawanywa sawasawa kwa wote wanne, aliyetoa na asiyetoa. Utakazobakiza ni zako peke yako. Mwisho wa siku punje zinabadilishwa kwa vocha za dukani. Wote wakitoa, wote wanafaidi. Lakini mwenye akili ya haraka anaona kwamba akibana zake na kuwaacha wenzake watoe, yeye ndiye atakayetoka na nyingi. Hapo ndipo unapomjua mtu.

Kisha unamteua mmoja awe kiongozi. Huyo anatoa kwanza, mbele ya macho ya wote, na wengine wanatoa baada yake. Tukiwachezesha wanafunzi wa chuo, mambo yalikwenda vilevile karibu kila mara. Kiongozi akitoa nyingi, wanamfuata. Akibana, nao wanabana. Nilifundisha hivyo miaka mingi, na niliamini hivyo kama ninavyoamini kwamba chai inataka majani.

Aliyenifundisha kazi hii ni mzee mmoja Mwingereza, Colin, mrefu, mwenye sweta moja ya kijani aliyoivaa mpaka viwiko vikatoboka. Mwaka wangu wa kwanza nilimpelekea matokeo mazuri ajabu. Kundi zima la wanafunzi limetoa punje zote, raundi zote, bila kusita. Nikaandika kurasa kumi na mbili kuhusu ukarimu. Colin akazisoma zote, akavua miwani, akaniuliza, "Wakesho, joto la chumba lilikuwaje?"

Joto la chumba. Nikakumbuka kwamba siku ile mashine ya kupashia joto ilikuwa imekufa, na wale watoto walikuwa wamekaa na makoti wakitetemeka. Hawakuwa wakarimu hata kidogo. Walikuwa wanamaliza haraka waende zao nyumbani. Tangu siku ile, kabla sijaitazama namba yoyote, nilijiuliza kwanza kuhusu chumba. Chunguzeni chumba, wanangu. Nani kakaa karibu na mlango, nani anamjua nani, nani ana njaa. Msisimame nyuma ya mtu anayehesabu punje, atatoa nyingi kukufurahisha. Chai itolewe mwanzo, maana ikisubiriwa mwisho watu wanacheza huku wananusa birika. Haya hayamo vitabuni, na ningekuwa mwanafunzi mzuri wa Colin yasingenikuta yaliyonikuta.

Sasa nifike kwenye yenyewe. Ilikuwa miaka ile ya mwisho kabla ya korona, walipokuwa wanairefusha reli ya tramu hapa mjini kuelekea Edgbaston, barabara zimechimbwa na basi linazunguka kama limepotea. Nilikuwa nimebakiza muda mfupi nistaafu, na nilitaka uprofesa. Sitawaficha. Niliutaka kwa moyo wote. Nilikuwa nimewaona vijana niliowafundisha mimi mwenyewe wakiupata, wanakuja kunisalimia kwa huruma. Nilihitaji makala moja kubwa, katika jarida moja kubwa, na kamati ya kupandisha vyeo ingekaa.

Nikapata wazo. Wanafunzi tumewachezesha mpaka basi. Kwa nini nisiwachezeshe watu wenye vikundi vya kweli, wanaojuana, wenye viongozi waliowachagua wenyewe? Na mimi Kiswahili ninacho. Nikaenda mtaa wa Tyseley, kwenye ukumbi mmoja nyuma ya karakana, ambako chama cha akina mama wazungumzaji wa Kiswahili kilikutana kila Jumamosi. Walikuwapo Wakongo, Wakenya, Wasomali waliokulia Kenya, Watanzania wachache. Wengi walitunza wazee au kusafisha hospitali. Chama kizima kilikuwa na mwenyekiti mmoja, Mama Furaha, Mkongo, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha hata akikuuliza hali. Chini yake kila kikundi cha wanne kilikuwa na kiongozi wake, na kikundi kimoja alikiongoza yeye mwenyewe.

Wakacheza. Nami nikashangaa. Mama Furaha alikuwa na punje ishirini, akachukua mbili akaziweka sandukuni. Mbili tu, na zote kumi na nane akaziacha mbele yake, wala uso haukubadilika. Nikajisemea, basi, wenzake nao watabana. Hawakubana. Waliofuata walitoa walichoweza, mmoja kumi na tano, mwingine zote ishirini, na Mama Pendo, mwanamke mwembamba aliyekuwa hana kazi wakati ule, akatoa tano. Vikundi vingine vilevile. Kiongozi anatoa kiduchu, watu wake wanamwaga.

Nilirudi ofisini mbio. Kumbe kuna watu wanaoendelea kumtolea kiongozi hata akiwa mchoyo. Nikaipa jina la kisomi, "utii wa mazoea". Mimi na Colin, ambaye alikuwa ameshastaafu lakini hakukaa nyumbani, tukaandika makala. Jarida likaipenda. Nadhani mnajua kwa nini liliipenda. Waafrika wanaowavumilia viongozi wabinafsi, na aliyeandika ni Mwafrika mwenyewe. Mimi wakati ule sikujiuliza. Walituandikia barua kwamba wameikubali, nami nikaibandika juu ya friji.

Kabla haijachapishwa nikaenda Tyseley kutoa shukrani, na keki mkononi. Nikakuta siku hiyo wana jambo. Mwenzao mmoja amefiwa na mama yake huko Goma, na wanapanga chakula cha matanga. Nikakaa nyuma kabisa, na keki yangu magotini.

Mama Furaha akafungua kikao. "Mi nitaleta vikombe," akasema. Vikombe, basi. Mama Pendo akainua mkono, akasema yeye ataleta sukari kilo mbili. Akaandikwa. Halima, Msomali wa Eastleigh ya Nairobi aliyekuwa anaendesha gari la kubeba wagonjwa, akasema ataleta mchele na sambusa. Mwingine kuku. Mwingine viti. Ikaenda hivyo mpaka wa mwisho. Ndipo Mama Furaha akavuta daftari, akalitazama, akauliza, "Inapunguka nini?"

Wakamwambia kinachokosekana: nyama, mafuta, soda, na mtu wa kumpeleka mfiwa uwanja wa ndege. Akasema, "Bon," yaani sawa, "ile iko yangu." Akafunga daftari, kikao kikaisha.

Nikazikumbuka zile punje mbili. Nilisubiri watu watawanyike, nikamfuata jikoni. Nikamuuliza, "Mama Furaha, siku ile ya maharage, vocha zako ulizifanyia nini?"

"Niligawia wenzangu, pale kwa mulango. Mama Pendo njo alipata mingi."

"Zote?"

"Sasa mi ningefanya nazo nini?" Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Mama Daktari, kama mi naanza na mingi, ule mwenye iko na kidogo atasikia haya. Atafunga mukono. Mi naanza na kidogo, kila mutu aone kidogo ni muzuri. Kisha, ku mwisho, mi namalizia yenye kupunguka. Sisi tunafanyaka hivyo. Kwenu hamufanyake?"

Kwetu tulifanya. Hilo ndilo lililoniuma. Mama yangu mzazi aliongoza akina mama wa kanisa pale Voi, na kwenye kila harusi yeye ndiye aliyeanza kwa kuahidi kuni mzigo mmoja. Nilimwona kwa macho yangu. Na usiku wa kuamkia harusi ndiye aliyejaza kila pengo. Nilikuwa nimelikalia jibu tangu utotoni, nikalisahau kwa sababu halikuwa na nafasi kwenye fomu yangu. Mchezo wangu ulimruhusu kiongozi kutoa mara moja tu, mwanzoni. Haukumpa mahali pa kumalizia. Yeye akamalizia mlangoni, na mimi wakati huo nilikuwa mezani nakusanya kalamu zangu. Niliona haya, wanangu, haya ya kweli, ya kumfanya mtu mzima atamani sakafu immeze.

Nikampigia Colin. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ulichoandika si uongo. Punje zilikuwa mbili."

"Zilikuwa mbili," nikasema.

"Basi iache ichapishwe. Kamati inakaa mwezi ujao. Ukishapata uprofesa, andika makala ya pili, sahihisha."

"Hiyo ya pili nani ataisoma, Colin?"

Nilimsikia akivuta kiti. Nawaambia ukweli, wakati ule nilitamani aniambie tena, anibembeleze kidogo, ili nikubali na lawama iwe yake. Nilikuwa nimeshahesabu: makala moja, mwezi mmoja, na jina lenye cheo lingekuwa kwenye mlango wa ofisi yangu. Lakini niliuona pia ule mstari wetu, "viongozi walikuwa wabinafsi kuliko wafuasi wao", ukinukuliwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga Tyseley, na baada yake mwingine, na mwingine. Mimi ni mkaidi, waulizeni watoto niliowazaa. Nikasema, "Naiondoa."

"Jina langu limo pia," akasema. Nikadhani atagoma. Kisha akakohoa. "Mimi ndiye niliyekufundisha kuuliza joto la chumba, na safari hii hata mimi sikuuliza. Lete barua nitie sahihi."

Barua ya kuondoa makala ni mistari minne. Ilinichukua siku tatu kuiandika.

Kuondoa peke yake hakutoshi, mnajua. Ukibomoa lazima ujenge. Nilihitaji kuwachezesha upya wale wale, safari hii kiongozi akipewa nafasi mbili, mwanzo na mwisho, na mimi nikifuata vocha mpaka nje ya mlango. Nikarudi kwa Mama Furaha, nikamweleza kila kitu, hata kile nilichoandika juu yake. Hakupandisha sauti. Aliikunja aproni yake mikunjo minne.

"Donc," akasema, yaani kwa hiyo, "kule ku chuo, mi niko muchoyo."

"Ulikuwa, kwenye karatasi. Nimeiondoa."

"Kabla ya kucheza tena, utasomea bamama bote ile karatasi. Kwa Kiswahili. Yote."

Wanangu, nimesoma makala mbele ya wasomi wakubwa, na hakuna aliyeninyima usingizi. Jumamosi ile nilisimama mbele ya akina mama arobaini na karatasi zangu. Nikasoma. Nilipofika kwenye "utii wa mazoea", Halima akainua mkono.

"Hiyo maana yake nini, anti?"

"Kwamba mnamfuata kiongozi wenu hata akiwa mbaya."

Halima akawageukia wenzake. "Sisi? Tumfuate huyu? Mwezi jana tumemkatalia hata rangi ya vitambaa vya sare."

Wakacheka mpaka wengine wakashika viti. Mama Furaha mwenyewe alijizuia kwa muda, kisha naye akashindwa. Na mimi niliyesimama pale mbele niligundua kwamba ushahidi mzima wa kubomoa nadharia yangu ulikuwa kwenye rangi ya vitambaa, na ningeweza kuupata kwa kuuliza tu. Andikeni hilo mahali: muulize mtu kwa nini, kabla hujamwandika. Sisi wachumi tulifundishwa kutazama afanyacho mtu na kutosikiliza asemacho. Ni funzo zuri, lina manufaa yake, lakini mimi nililifuata mpaka likanitumbukiza.

Tulicheza upya Jumamosi nyingi. Kutoka Great Barr mpaka Tyseley ni mabasi mawili, na kwa vile barabara zilivyochimbwa mengine yaligeuzwa bila kutangazwa. Kuna siku nilitembea kwenye mvua na mfuko wa maharage kifuani kama mtoto mchanga. Goti langu lililalamika. Nililiambia kwamba daktari aliyeko hapa si wa magoti.

Matokeo yakawa mengine. Viongozi wengi walianza na kidogo, wakasubiri, wakatazama pengo, wakalijaza. Si wote. Kuna mmoja alianza na punje moja, akamaliza na sifuri, akatia vocha zake mkobani akaenda zake bila kuaga. Tulimwandika pia. Akina mama walitaka nimfute kwa sababu anawaaibisha. Nikakataa kabisa. Nimeondoa uongo mmoja, siwezi kuweka mwingine mahali pake kwa sababu unapendeza.

Kamati ilikaa kabla sijamaliza. Walikuwa watu wa adabu. Waliniuliza ile makala iliyokubaliwa imekwenda wapi. Nikawaeleza kwamba niliiondoa kwa sababu haikuwa sahihi, na mpya bado. Mmoja akaniuliza kama nilifahamu kipindi cha maombi kingefungwa kabla mpya haijawa tayari. Nikasema nilifahamu. Wakaandika. Wiki mbili baadaye ikaja barua ya kunishukuru kwa utumishi wangu wa muda mrefu. Mtu akishukuriwa kwa utumishi wa muda mrefu, ajue cheo amekikosa.

Nililia, kwa sababu sikuja duniani kuwa jiwe. Nilikaa kwenye ngazi za nyumba yangu, barua iko magotini, nikalia kama dakika kumi, kisha nikainuka nikapika ugali. Makala mpya ilitoka nilipokuwa nimeshastaafu, katika jarida dogo, na inasomwa na watu wachache wanaojua wanachotafuta. Jina la Mama Furaha halimo, maana ndivyo sheria ya kazi yetu ilivyo (hapa namtaja kwa ruhusa yake), lakini alinitaka nimletee nakala, na ameihifadhi pamoja na daftari la chama.

Mnaoanza kazi hii mtakuja kulikuta sanduku lenu na punje zenu mbili. Mtaona namba iko wazi, na watu wakubwa wanaisubiri, na mnayemwandika hatajua kamwe. Kaeni kwanza. Msikusanye kalamu. Mpaka mtu wa mwisho ametoka mlangoni, kazi haijaisha.

Siku ile ya barua ya kamati, nilipokwisha kula ugali wangu, simu ililia. Alikuwa Mama Furaha, yuko kwenye mapumziko kazini kwake, hospitalini Edgbaston, nasikia mikokoteni ikipita nyuma yake. Alijua kamati imejibu, sijui nani alimwambia.

"Mama Daktari, bamekupatia ile uprofesa?"

"Hawakunipa."

Nikajiandaa kupewa pole, na sikuitaka.

"Bon," akasema. "Inapunguka nini?"